Nguvu za kiume si mbegu: maswali ya wanaotafuta mtoto

Mlango unafunguliwa, anaingia mwanamke peke yake, amebeba bahasha iliyotuna kwa majibu ya vipimo. Ultrasaundi tatu, kipimo cha mirija, homoni kurasa mbili. Nauliza, "Baba naye amepima?" Anainama. "Yeye yuko sawa." Kwa miaka yote niliyofanya kazi kliniki ya uzazi, jibu hilo nimelisikia mpaka limenichosha, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Seli za uzazi ni nini?

Ni yai la mwanamke na mbegu ya mwanaume. Seli ya kawaida ya mwili ina kromosomu 46, yaani nyuzi zinazobeba urithi wa wazazi. Seli ya uzazi ina 23 tu, kwa sababu hutokana na mgawanyiko wa pekee uitwao meiosisi, unaopunguza idadi kwa nusu. Yai na mbegu vikiungana, 46 zinatimia. Mtoto ni wa watu wawili, basi na vipimo ni vya watu wawili.

Hutengenezwa lini?

Mwanamke huzaliwa na akiba yake yote, mayai kama milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na hayaongezwi tena. Mwanaume huanza kutengeneza mbegu anapobalehe, mamilioni kila siku, na kila mbegu huchukua miezi miwili hadi mitatu mpaka ikomae. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu kazi hiyo inataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili.

Mume wangu ana nguvu, na majimaji yanatoka vizuri. Bado apime?

Ndiyo, apime. Uume kusimama ni kazi ya mishipa ya damu na neva. Majimaji, yaani shahawa, karibu yote hutoka kwenye tezi zilizo ndani ya nyonga. Mbegu zenyewe, zinazotoka kwenye korodani, ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo. Mtazame mwanaume aliyefunga uzazi kwa kukatwa mirija ya mbegu: nguvu anazo, shahawa anatoa, rangi na wingi ni vilevile, na mbegu hamna. Jicho haliwezi kuziona. Darubini ndiyo inayoziona.

Ana mtoto mkubwa kwa mwanamke mwingine.

Apime. Mtoto wa miaka kumi anaeleza mbegu za miaka kumi na moja iliyopita. Tangu hapo huenda alipata ugonjwa wa zinaa ukaziba mirija, au mishipa ya damu kwenye korodani imevimba. Apime.

Si afadhali mke amalize vipimo vyake kwanza?

Hapana! Pimeni pamoja, wiki ileile. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mwanaume una tatizo, liwe peke yake au pamoja na la mke. Mjaribu mwaka mmoja bila kinga, mkikosa njooni. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha.

Yule mama wa bahasha alihangaika miaka sita. Mume alipokubali, jibu la kwanza lilipatikana siku hiyohiyo: hakuna mbegu hata moja. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha mirija imeziba. Korodani zake zilikuwa zinatengeneza mbegu vizuri, na mbegu hizo zingeweza kutolewa kwa sindano. Lakini mke alishafika miaka 41, na akiba yake ya mayai ilikuwa imepungua mno. Miaka sita hiyo hakuna dawa ya kuirudisha.

Kipimo kinauma?

Hakiumi. Kaa siku 2 hadi 7 bila kumwaga, kisha toa shahawa kwa mkono kwenye chombo cha maabara. Ukitolea nyumbani, ifikishe ndani ya saa moja, ikae karibu na mwili isipoe. Usitumie mate, mafuta wala kondomu ya kawaida. Matone ya kwanza hubeba mbegu nyingi, kwa hiyo yakimwagika sema, usione haya. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa kabla ya kuamua lolote.

Nachoma testosteroni, ile homoni ya kiume, ili nijenge mwili. Si inaongeza uzazi?

Inauzima. Ubongo ukiona homoni imejaa kutoka nje, huacha kuziamuru korodani, na mbegu zinaweza kushuka hadi sifuri. Zikirudi, huchukua miezi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Vijana wenye vifua vipana wanakaa mbele yangu na jibu la sifuri mkononi, hawaamini. Kama uliandikiwa na daktari, rudi kwake umwambie unatafuta mtoto. Kama umejinunulia, njoo tukusimamie unapoacha. Na hizo dawa za kuongeza nguvu mnazouziana hazitengenezi mbegu.

Mume wangu hataki hata kusikia. Nifanyeje?

Mwombe aje tu kusikiliza majibu yako. Nitakaa naye faraghani, bila wewe ikiwa ndivyo anavyotaka, nimweleze kama nilivyoeleza hapa. Wengi hutoka wameshika chombo. Na akija, ile bahasha msiiache nyumbani.