Klachi ya Subaru turbo: oriji, aftamaketi, na giaboksi inayokuangalia tu

Kila wiki lazima aje mtu gereji na Impreza, anaweka funguo mezani, "fundi nataka klachi steji 3 (ile kali ya mashindano), ikamate kisawasawa." Namuuliza mkuu gari umeifanya nini? "Nimebadilisha ekzosi." Ekzosi tu jamani, afu anataka klachi ya gari la rali.

Kwanza hili neno oriji linachanganya watu. Subaru hajichongei klachi mwenyewe, nyingi anatengenezewa na Exedy wa Osaka, walewale ambao mpaka 1995 walikuwa wanaitwa Daikin. Kwa iyo ukinunua Exedy ya kawaida kwenye boksi lake mwenyewe, ndo hiyo aftamaketi, umenunua kitu kilekile ila hujalipia zile nyota za Subaru. Wenye Toyota Altezza na klachi zao za Aisin ni hadithi hiyohiyo. Mimi kinachonisumbua sio jina la kwenye boksi, ni klachi itashika kiasi gani kuzidi nguvu ya injini, na hapo ndo watu wanaumia.

Chukua GC8 STI, yaani Impreza kali ya miaka ya 90, zile za mwisho mwisho. Nyutonimita 353 kwenye rpm 4000, giaboksi ya gia 5, na fundi yeyote wa Subaru atakwambia gia ya 3 kwenye hiyo boksi meno yake yanakatika. Tairi zote nne zinashika lami, ukiachia pedeli kwa pupa hakuna tairi ya kuzunguka bure ikapunguza ule mshtuko, so mshtuko unatafuta pa kutokea. Klachi ya kawaida inateleza kidogo, inanuka, basi yameisha. Yaani ile ni fyuzi. Sasa wewe unatoa fyuzi unaweka msumari.

Nayajua haya kwa hela yangu. Niliwahi kununua disiki (lile bamba la klachi linaloshika) ya seramiki yenye vipande sita, ukiitazama unadhani pangaboi, afu katikati haina hata springi, muuzaji kaniapia kabisa ni klachi ya maisha. Foleni ya Ubungo nilikoma. Seramiki haijui nusu nusu, ama imeshika ama imeachia, gari inaruka kama chura na mguu wa kushoto unatetemeka mpaka abiria wanakucheka, afu bila zile springi za disiki kila mtikisiko wa injini unaingia mzima mzima kwenye gia. Klachi haikuwahi kuteleza hata siku moja, hilo nakubali. Gia ya 3 ndo ilikwenda, nikamwaga oili nikakuta meno chini kama karanga.

Klachi inashika zaidi kwa njia kama tatu hivi: disiki ya kukwaruza zaidi, presha pleti (bamba linaloikandamiza disiki) inayobana zaidi, au disiki kubwa ama mbili. Kila njia ina wa kumlipa. Ya kukwaruza unalipa kwa kutetemeka na flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo disiki inalishika, kulika. Ya kubana sana unalipa kwa goti, na kwenye hizi boksi za gia 5 ule mdomo wa chuma ambao beringi ya klachi inateleza juu yake unachimbika, uma unaoisogeza hiyo beringi nao unaweza kupasuka. Za disiki mbili ni tamu ila bei yake unapata injini nzima ya mtumba.

Kwa hiyo gari ya barabarani, busti (presha ya turbo) ya kiwandani au imepanda kidogo, mimi nafunga disiki ya oganiki, ile laini ya kawaida, yenye springi na presha pleti iliyoongezwa nguvu kidogo. Inatosha kabisa, hata mlima Kitonga nyuma ya lori lenye shehena unaivuta taratibu bila kunuka. Seramiki ngoja mpaka uwe na boksi ya gia 6 ya STI na kazi ya kuipa.

Na kabla hujanunua chochote hakikisha klachi inateleza kweli. Weka gia ya 4, spidi 60, kanyaga mafuta yote, busti ikiingia rpm ikapaa spidi ikabaki nyuma, hapo sawa, inateleza. Ila mara nyingi nashusha boksi nakuta sili ya nyuma ya krenki inavuja, disiki imelowa oili, ungefunga hata ya milioni ingeteleza vilevile. Badilisha sili, flaiwili ipelekwe kwa mchongaji isawazishwe, afu kilomita 800 za mwanzo endesha kistaarabu za mjini mjini.

Fundi mwenzangu unayesoma, klachi ya GC8 ni ya kuvuta sio ya kusukuma. Beringi imejifunga kwenye presha pleti na uma umeishika, so fungua kile kifuniko cha alenki pembeni ya boksi, ingiza bolti ya milimita 6 uvute pini ya uma kwanza ndo boksi itoke. Nimeletewa boksi mbili mwaka huu zilizopigwa tindo.