Kufuli kwenye kivinjari si hati ya uaminifu, na dhana nyingine potofu

“Tovuti yenye alama ya kufuli ni salama.” Hii ndiyo dhana inayowaponza wengi, na lawama si zao peke yao: kwa miaka mingi wamefundishwa kuangalia kufuli kwanza. Kufuli lilikusudiwa kusema jambo moja tu, kwamba yanayopita kati ya kifaa chako na tovuti yamesimbwa, hivyo mwenye Wi-Fi unayotumia hawezi kusoma unachoandika. Aliye upande wa pili ni nani, halisemi. Barua iliyofungwa kwa lakiri haichunguliwi njiani, lakini ukimtumia tapeli, ataifungua na kuisoma yote. Cheti kinachowezesha usimbaji huo hupatikana bure kwa dakika chache. Shirika la Let's Encrypt linatoa vyeti hivyo kwa umma tangu 2015, na anayetengeneza ukurasa bandia wa benki anakipata kama mtu mwingine yeyote, mradi anwani ya tovuti ni yake. Ndiyo maana mwaka 2023 Google waliondoa kufuli kwenye kivinjari chao cha Chrome na kuweka alama isiyodokeza usalama.

Basi soma anwani yenyewe, na uisome kuanzia mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) unaofuata jina hilo. Ukikuta benkiyako.com.hakiki-akaunti.net, mwenye mahali hapo ni hakiki-akaunti.net. Yaliyotangulia ni mapambo, na yamewekwa hapo makusudi.

“Nikiwa kwenye hali fiche ya kivinjari (incognito) sionekani.” Hauonekani kwa nani? Atakayeshika kifaa baada yako hatakuta historia wala vidakuzi (kumbukumbu ndogo za tovuti) vya kipindi hicho. Lakini mtoa huduma wa intaneti, mwenye mtandao wa ofisini na tovuti uliyoitembelea wanakuona kama kawaida. Kwenye kompyuta ya kuazima hali fiche inafaa sana; nje ya hapo, msaada wake ni mdogo kuliko jina lake.

“Vidakuzi ni aina ya virusi.” Sivyo. Ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi kwenye kivinjari chako, yaliyobuniwa na Lou Montulli wa Netscape, kampuni ya kivinjari, mwaka 1994 ili tovuti iweze kukukumbuka. Hayawezi kujiendesha wala kujizalisha. Ubaya wake uko kwingine: matangazo huyatumia kukufuatilia kutoka tovuti hadi tovuti, na mwizi akikiiba kidakuzi cha akaunti uliyokwisha kuingia, anaweza kuingia bila hata kuulizwa nenosiri.

“Virusi ni vya Windows, tena huingia ukibofya kitu kibaya tu.” Elk Cloner, mojawapo ya virusi vya kwanza kabisa kusambaa nje ya maabara, ilienea kwa diski mwaka 1982, na kompyuta ilizoziambukiza zilikuwa Apple II. Kuhusu kubofya, ikumbukwe programu hasidi ya WannaCry ya Mei 2017: ilirukia kompyuta moja hadi nyingine yenyewe kupitia mtandao, ikafunga mafaili na kudai kikombozi. Microsoft walikuwa wametoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lililotumika, mwezi Machi. Ule ujumbe wa “sasisha sasa” unaoahirishwa kila siku ulikuwa na maana yake.

“Intaneti na wavuti ni kitu kimoja.” Wavuti, aliyoibuni Tim Berners-Lee huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, mwaka 1989, ni huduma mojawapo inayopita juu ya intaneti. Barua pepe ni nyingine, na ni kongwe kuliko wavuti.

“Nenosiri bora ni lile linalobadilishwa kila baada ya miezi mitatu.” Tangu 2017, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inashauri lisibadilishwe kwa ratiba tu, bali pakiwepo dalili kwamba limevuja. Mtu akilazimishwa kubadilisha huishia kuongeza tarakimu mwishoni, na wezi wanalijua hilo. Urefu una nguvu kuliko alama za ajabuajabu. Na hata liwe refu namna gani, ukilitumia kwenye akaunti kumi, tovuti moja ikidukuliwa zile tisa nazo ziko wazi.