Kapteni Salaria na nishani ya barabara ya Luano

India haina nishani ya ushujaa vitani inayozidi Param Vir Chakra. Ilianzishwa tarehe 26 Januari 1950, na hadi leo waliotunukiwa ni 21 tu, 14 kati yao wakiipewa baada ya kufa. Mmoja wa hao 14 aliangukia hapa kwetu Lubumbashi, mji ukiitwa bado Élisabethville. Mimi hufuatilia nishani zilizotokana na vita vya Katanga, jimbo letu lilipojitenga na Kongo, na wasomaji huniuliza zaidi habari za mapigano ya Jadotville. Lakini kapteni huyu anastahili kujulikana na kila apitaye njia ya Luano, kwenye uwanja wa ndege.

Aliitwa Gurbachan Singh Salaria, ofisa wa askari wa miguu katika Gorkha Rifles, kikosi cha jeshi la India, mwenye umri wa miaka 26. Tarehe 5 Desemba 1961, jandarmeri, yaani jeshi la Katanga, ilikuwa imefunga barabara kati ya mji na uwanja wa ndege, na ONU, yaani Umoja wa Mataifa, ikaamua kuifungua kwa nguvu. Kampuni moja ya askari wa Gorkha ingeshambulia kizuizi ikisaidiwa na magari ya deraya ya Waswidi. Salaria, akiwa na watu 16, alipewa kazi iliyoonekana ndogo: aje kutoka upande wa uwanja wa ndege, awazibie njia wale watakaokimbia.

Hakufika. Zikiwa zimebaki kama mita 1,400, akakuta jandarme wapatao 90 na deraya mbili. Zile deraya zikapigwa kwa roketi. Kisha, badala ya kulala chini na kurushiana risasi, akawaongoza watu wake kuingia kati ya adui kwa singe, mabomu ya mkono na khukuri, kisu kile kilichopinda cha Wagorkha. Risasi ilimpata shingoni. Aliendelea kupigana hadi damu ikamwishia akaanguka, na jandarme waliosalia wakatawanyika. Akafa kwa jeraha hilo.

Hati ya nishani haielezi ujasiri peke yake. Inaeleza pia kitendo kilizaa nini. Hati ya Salaria inasema alizuia kundi lile lisiende kuimarisha kizuizi, na hivyo makao ya ONU mjini yakaepuka kuzingirwa. Habari za namna hiyo hutoka kwa waliobaki hai. Bila wale Wagorkha wachache kusimulia, angeandikwa kama ofisa aliyeuawa barabarani, basi.

Medali yenyewe ni ya shaba nyeusi, duara, ina alama nne za radi ya Indra, mungu wa Wahindu, kuzunguka nembo ya taifa, na utepe wa zambarau. Mchoro wake ni wa Savitri Khanolkar, mwanamke mzaliwa wa Uswisi.

Sasa Jadotville, yaani Likasi. Miezi mitatu kabla, Septemba 1961, Komandanti Pat Quinlan na kampuni yake ya askari Waayalandi wa ONU walizingirwa siku tano. Walipigana mpaka risasi na maji vikaisha, wakajisalimisha, na hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Quinlan alipendekeza askari wake watunukiwe; jeshi lao likakataa. Alifariki 1997. Kikosi kilitambuliwa rasmi 2016, medali zikatolewa 2017. Kwangu, kuwarudisha watu wote hai kutoka kwenye mahandaki yale ni uongozi wa vitani wa daraja la juu, na kuchelewa kule kulikuwa dhuluma.

Hati ya Salaria inataja pia jandarme 40 waliouawa. Hesabu hiyo ni ya upande mmoja, na haina jina hata moja. Hao walikuwa vijana wa nchi hii, wana wa watu, na wapo waliobaki mahali pao deraya zikiwaka. Ninaandika orodha yao. Kama una mzee katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Kamalondo aliyekuwa jandarme mwaka ule, muulize alikuwa kikosi gani, nani alikuwa mkubwa wake, na alisimama sehemu gani ya barabara, kisha uniandikie.