Faili limefungwa na "HP": huyo HP ni nani?

Mwisho wa mwezi, katika ofisi ninazohudumia hapa Lubumbashi, simu ni ileile: orodha ya mishahara haifunguki, Excel inasema inatumiwa na fulani, na fulani ameshapanda basi la kurudi Katuba. Au inamtaja "HP", ambaye hakuna aliyewahi kumwona kazini.

Tuanze na huyo HP. Jina linalotajwa na Excel silo unaloingilia kwenye kompyuta. Linatoka ndani ya Office yenyewe: "Fichier", kisha "Options", kisha "Général", penye "Nom d'utilisateur". Fundi aliyeweka programu kwenye kompyuta zote kwa haraka aliacha pale lolote alilolikuta, yaani chapa ya kompyuta, na sasa ofisi nzima inaitwa HP. Pita meza kwa meza uandike majina ya kweli. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo utakuwa unamsaka mtu asiyekuwepo.

Sasa kufuli lenyewe. Ukifungua faili la Excel kwenye folda ya pamoja, kando yake hutokea kifaili kilichofichwa, chenye jina linaloanza na ~$. Kazi yake ni kubeba jina la aliyefungua, basi. Kufuli la kweli liko kwenye seva, kompyuta inayohifadhi folda ya pamoja, nayo ndiyo inayoweka kumbukumbu ya nani ameshika nini. Ndiyo maana wengi hufuta kile kifaili wakajaribu tena, wakakuta mambo yaleyale: wamebandua jina mlangoni, na mlango bado umekomewa kwa ndani.

Kwetu chanzo kikubwa ni umeme. Ukikatika, kompyuta za mezani huzimika papo hapo, lakini seva ina betri yake, inaendelea. Hakuna aliyeiaga. Kwa hesabu zake, faili bado liko mkononi mwa mama mhasibu, ingawa kompyuta yake ni giza tupu. Umeme ukirudi, wa kwanza kufungua anaambiwa limefungwa. Seva huja kuliachilia yenyewe baada ya muda, ila wanaongoja mishahara hawana subira hiyo, na hapo ndipo mtu mwenye hasira huizima seva na kuiwasha upya, akiwakatia kazi wenzake wote.

Usiizime. Kwenye seva ya Windows andika compmgmt.msc (hufungua usimamizi wa kompyuta), ingia "Dossiers partagés", halafu "Fichiers ouverts". Utaona kila faili lililo wazi pamoja na akaunti iliyolishika, safari hii jina la kuingilia, si lile la Office. Kwenye Linux yenye Samba (programu ya kushirikisha folda), amri ya smbstatus inatoa orodha kama hiyo. Kwenye Windows, mstari unaohusika unaweza kuufunga hapohapo, lakini piga simu kwanza: "Papa, uliacha Excel wazi?" Kama kompyuta yake iko hai na kuna kazi hajaihifadhi, unaweza kumpotezea. Kama ilizimwa na umeme, funga bila wasiwasi. Ambacho hakikuhifadhiwa kilishapotea zamani.

Akiapa kwamba hakufungua kitu, usimwite mwongo upesi. Kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha yaliyomo kabla ya kufungua faili nacho huweza kulishika, na yeye alilibofya mara moja tu. Alt+P hukiondoa. Wakati mwingine Excel imefungwa machoni lakini bado inazunguka chinichini. Itafute kwa Ctrl+Shift+Esc, inayofungua orodha ya programu zinazoendelea.

Ninachokataza kabisa ni "Enregistrer sous", yaani kuhifadhi nakala kwa jina jingine. Kesho yake kuna orodha tatu za mishahara na hakuna ajuaye ipi ni ya kulipia. Excel ikikuzuia, chagua "Notifier", itakuambia faili likiwa huru.

Kuandika pamoja kwa wakati mmoja kunahitaji OneDrive au SharePoint, huduma za Microsoft za kuhifadhi na kushirikisha mafaili. Folda ya kawaida ya seva haitoshi. Kwa intaneti inayoyumba, mimi huwagawia mishahara kwa idara, kila idara faili lake, na mhasibu mkuu peke yake ndiye anayeyaunganisha.