Ubongo hauna rezo: maana ya «mtandao» na «kuchochea»

Juma lililopita nilipanda Kadutu, hapa kwetu Bukavu, Kongo, kumwona Baba Neema, jirani yetu wa zamani, aliyepatwa na kiharusi. Mkono wake wa kuume umelala, na maneno yanamtoka moja moja kwa shida. Mkewe alinipa kiti, na kabla salamu hazijaisha akaniuliza: «Mwalimu, banasema rezo ya bongo yake ilikatika. Eti kule Ulaya beko na mashine ya kurudisha rezo. Ni kweli?»

Nimelisikia neno hilo rezo, yaani mtandao wa simu, kwenye basi, kanisani, hata kwa mwanafunzi wangu wa mwaka wa sita akijibu swali la biolojia. Mwenye kusahau sana, rezo yake ni kidogo. Aliyerukwa na akili, hana rezo. Katika utani wa barabarani sina neno. Linaniuma likiingia katika nyumba ya mgonjwa, kwa sababu rezo ya simu ikikatika unakaa unangoja. Mnara uko mlimani, wenye mnara ndio wanaojua. Nikamwona Mama Neema anangoja hivyo hivyo, na mkono wa mumewe umelazwa juu ya mto kama kitu kilichowekwa akiba.

Maana yenyewe si ndefu. Mtandao wa ubongo ni kundi la sehemu za ubongo, hata zikiwa mbalimbali, zinazoshirikiana katika kazi moja: kusema, kukumbuka, kuangalia kitu bila kupotoka. Kuchochea ubongo ni kutumia umeme au sumaku kuigusa sehemu fulani ili utendaji wake ubadilike. Kilichobaki ni maneno yenyewe, na hapo ndipo penye kazi.

Rezo tumeipata kwa Kifaransa, réseau, na Kifaransa kiliipata kwa Kilatini, rete. Rete ni wavu, ule wa kuvulia samaki na kunasia ndege. Kwa karne nyingi réseau ilikuwa kitu cha nyuzi na mafundo, mpaka watu wa barabara, wa reli na wa simu walipoazima jina. Likatufikia hapa Bukavu pamoja na simu za mkononi, likiwa limekwisha kupoteza samaki wake. Sisi tunaoishi kando ya ziwa, tunaokula sambaza, samaki wadogo wa ziwa, waliotoka wavuni usiku uleule, tukalipokea kwa maana ya mnara.

Kiswahili kilishika njia nyingine kikafika palepale. Mtandao umetoka kwenye kutanda. Wingu hutanda. Nyuzi ambazo mfumaji huzinyosha kwanza kabla ya kupitisha zile za kukata huitwa mtande. Utando wa buibui ni wa ukoo huo, na kitanda pia, kile cha kamba walicholalia babu zetu. Katika maneno hayo yote kuna kitu kilichotandazwa, na penye nyuzi pana nyuzi zinazoshikana. Hakuna hata moja ambalo nguvu yake inatoka sehemu moja na kurushwa kwa wengine.

Wataalamu wenyewe waligombana juu ya wavu huu. Camillo Golgi, Mwitaliano, alipata mwaka 1873 namna ya kutia chembe za neva rangi nyeusi kwa chumvi ya madini ya fedha, hata zikaonekana kwenye hadubini na matawi yake yote. Alivyoona yeye, neva zote zimeungana moja kwa moja, wavu mmoja usio na mkato. Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania akatumia rangi ileile ya Golgi akaona jambo jingine: kila chembe iko peke yake, matawi yake yanaikaribia jirani lakini hayaungani nayo. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, na hata siku ile Golgi alisimama kuutetea wavu wake. Hadubini za elektroni za miaka ya 1950 zilimpa Cajal haki. Kati ya chembe na chembe kuna mwanya, tunauita sinapsi, mwembamba kuliko jicho linavyoweza kuona.

Kwa hiyo ukisema wavu, usifikiri uzi mmoja mrefu. Fikiri mafundo, chembe kama bilioni 86, kila moja ikipokea na kupeleka. Kila fundo ni mnara na ni simu kwa wakati mmoja, kama lazima tubaki na mfano wa simu.

Kuna tofauti nyingine, na hii hata waandishi wazuri huiruka. Watafiti wa leo wanaposema mtandao, mara nyingi hawajaziona nyuzi. Wameona sehemu mbili ambazo utendaji wake unapanda na kushuka pamoja. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake, Marekani, waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo bila kuwapa kazi yoyote. Sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kushoto na ile ya mkono wa kuume, moja huku na moja kule, zilikuwa zinapanda na kushuka kwa mwendo mmoja, na mikono yenyewe imetulia. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wakaeleza kundi la sehemu ambazo hufanya kazi zaidi mtu anapopumzika, akiwaza yake. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unakula kama asilimia 20 ya nguvu yake, hata tukiwa tumekaa tu.

Nenda Nguba jioni, giza likishaingia, uangalie ziwa. Wavuvi wa sambaza hutoka na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zikiwaka juu ya maji kuwavuta samaki. Kutoka ufukweni huoni miti, huoni kamba, huoni watu. Unaona taa. Hizi zinainuka pamoja na kuinama pamoja. Ile nyingine ina mwendo wake. Unasema: hizi zimefungwa, ile ni ya mtumbwi mwingine. Ndivyo wanavyosoma mitandao ya ubongo katika picha. Na kosa linaloweza kukupata pale ufukweni ndilo linaloweza kuwapata wao: huenda taa mbili zimeinuliwa na wimbi moja tu, na hakuna mti wowote kati yao.

Utajuaje? Mtu aogelee akausukume mtumbwi mmoja. Ile inayotikisika imefungwa nao, isiyotikisika haimo.

Huko kusukuma ndiko kuchochea, na ndiyo sababu mtafiti wa mitandao ya ubongo mara nyingi utamkuta anachochea pia. Mwaka 1985 Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliweka mzinga wa waya, yaani waya uliozungushwa duara, juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme kwa ghafla ndani ya waya huo, sumaku ikazaliwa, ikapenya mfupa bila maumivu makubwa, ikaamsha umeme mdogo katika ubongo. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831. Mzinga ukiwa juu ya sehemu ya mkono, vidole vinaruka vyenyewe. Si shoti ile ya hospitali za akili inayomtia mgonjwa degedege akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Hii mtu ameketi kwenye kiti, macho wazi, anaongea.

Mwaka 2014 Joel Voss na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walifanya jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha. Hipokampasi, kiungo cha kumbukumbu, imezama ndani mno. Sumaku ya juu ya kichwa haiifikii. Basi kwa kila mtu wakatafuta fundo la juu, kwenye ubavu wa ubongo, lililokuwa likipanda na kushuka pamoja na hipokampasi yake yeye. Wakalichochea fundo hilo dakika 20 kwa siku, siku tano mfululizo. Hipokampasi haikuguswa kamwe, lakini watu wale, waliokuwa wazima na wachache, wakakumbuka vizuri zaidi maneno waliyofundishwa pamoja na sura za watu, kuliko walipopewa mchocheo wa uongo. Wavu ulivutwa huku, ukasogea kule.

Sasa neno kuchochea lenyewe. Hapa kwetu linatisha, na sishangai. Mchochezi ni mtu aliyewasha vita. Tumewazika watu kwa sababu ya uchochezi. Mama Neema aliposikia kwamba «banachochea bongo» alidhani wanamchafulia mtu akili. Lakini mchochezi wa kwanza ni mpishi. Kuchochea ni kusukuma kuni ndani ya moto, au kuyageuza makala kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ili lile jekundu liguse jeusi. Makala ya baridi hayachochewi, utageuza mpaka kesho. Kifaransa, stimuler, kimetoka kwenye stimulus, fimbo yenye ncha ya kumchomea ng'ombe ili atembee. Mimi nashika la mbabula, kwa kuwa linasema jambo ambalo fimbo hailisemi: lazima moto uwepo tayari. Chembe zilizokufa katika kiharusi, hakuna sumaku itakayoziwasha. Zilizobaki kandokando, zilizo hai, ndizo zinazoweza kushika kazi kidogo kidogo.

Hata hivyo neno letu halitoshi mahali pamoja, na ni haki kulisema. Kuchochea ubongo si lazima kuongeza. Pigo moja la sumaku kwa sekunde, likirudiwa kwa muda, huelekea kutuliza sehemu ile. Mapigo kumi kwa sekunde huelekea kuiamsha. Alim-Louis Benabid wa Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987 alitia waya mwembamba ndani kabisa ya ubongo wa mgonjwa wa kutetemeka, na mapigo ya haraka, zaidi ya mia moja kwa sekunde, yakatuliza mkono. Mpishi akichochea, moto hauzimi. Hapa wakati mwingine unapungua, na ndilo lililotakiwa.

Nikamjibu Mama Neema hivyo, kwa maneno machache zaidi. Mashine ipo; Marekani iliruhusu mwaka 2008 itumike kwa wagonjwa wa sonona ambao dawa haikuwasaidia. Kwa kiharusi bado wanaichunguza, na haichukui nafasi ya kuunyosha mkono na kuukunja kila siku. Kisha nikamkumbusha wavuvi asubuhi, wanavyoutandaza wavu juu ya mawe, mmoja ameushika kwa kidole gumba cha mguu, anapapasa macho ya wavu hadi afike palipochanika, anaanza kufunga kwenye nyuzi nzima zilizo pembeni.

Akanyamaza kidogo. Akauliza: «Basi watu bakiniuliza, niseme nini?»

Mama Neema, wakikuuliza, usiseme rezo imekatika. Sema wavu wake umechanika upande wa kushoto wa kichwa, ndiyo maana mkono wa kuume na maneno vimeguswa, na mnaushona. Na huo mkono, uutoe juu ya mto, mpe kikombe aushikie.