Mnato: kwa nini rili ya Mufindi haitaki grisi ya Matema

Aliyewahi kuishi Njombe au Mafinga anajua asali inavyofanya mwezi wa saba. Unaiinamisha chupa juu ya kikombe, unasubiri, asali inakutazama tu. Chupa hiyo hiyo ukiteremka nayo Kyela, inamiminika kabla hujaweka sawa kijiko. Asali ni ile ile. Kilichobadilika ni mnato wake.

Mnato ni ukaidi wa kimiminika kutiririka. Maji yana mnato mdogo, oili ya injini ina mkubwa, asali inazidi. Joto likipanda mnato unashuka, baridi ikiingia unapanda. Usiuchanganye na kuganda. Mafuta ya nazi yanayogeuka jiwe ndani ya kopo pale Makambako yameganda kweli, na yataanza kuyeyuka yakifika kama nyuzi joto 24 au 25. Asali iliyogoma kutoka, kama haijafanya chenga, bado ni kimiminika, ila imekuwa nzito.

Naanza na asali kwa sababu ninaowatengenezea rili, kile chombo cha kuviringisha mshipi kwenye fimbo ya kuvulia samaki, huniuliza swali moja: "Fundi, niweke mafuta gani?" Wanataka niwatajie kopo. Lakini ndani ya rili moja kuna sehemu zinazotaka mafuta tofauti, na usipoujua mnato utanunua kopo zuri ukaliweka mahali pabaya.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Rili yangu ya kwanza niliifungua mezani, nikaishindilia grisi ya beringi za magurudumu ya gari kila penye nafasi, nikajiona mtaalamu. Alfajiri ya mwezi wa saba nikaenda nayo kwenye bwawa moja la Mufindi kutafuta samaki aina ya trauti. Mkono wa rili ulizunguka kama nasonga ugali wa msiba. Ndoano ilikuwa ikianguka hatua chache tu kutoka miguuni pangu. Saa tano jua lilipopanda, rili ikalainika yenyewe bila mtu kuigusa. Siku hiyo ndipo nilipoanza kufikiri.

Tazama rili ya kawaida inavyofanya kazi. Kama uwiano wake wa gia ni 5.2 kwa 1, ukizungusha mkono mara moja, kichwa kinachoviringisha mshipi kinazunguka mara tano na kidogo. Kwa hiyo gia kubwa iliyo upande wa mkono inakwenda polepole huku meno yake yakikandamizana kwa nguvu, hasa samaki akivuta. Beringi za upande wa pili zinakimbia kasi bila mzigo mkubwa. Mafuta mepesi ukiyaweka kwenye meno ya gia yatabanwa na kutoka, chuma kikutane na chuma. Grisi nzito ukiijaza kwenye beringi inayokimbia, nguvu ya mkono wako itaishia kuikoroga grisi badala ya kuvuta mshipi.

Mnato wa mafuta hupimwa kwa sentistoki, mara nyingi mafuta yakiwa kwenye nyuzi joto 40. Chupa iliyoandikwa ISO VG 10 ina mafuta ya sentistoki kama 10 kwenye joto hilo, VG 32 kama 32. Maji, kwenye nyuzi joto 20, ni kama 1. Oili ya injini aina ya 40 inapita 100, ndiyo maana ukiitia kwenye beringi ya spuli, pale mshipi unapoviringishwa, asubuhi ya Makete unajikomoa mwenyewe. Kwa sehemu zinazokimbia, mafuta ya cherehani yanayouzwa dukani kwa vichupa vidogo yanatosha kabisa. Tone moja kwa kila beringi. Nasema tone, si mmiminiko.

Grisi nayo wengi huidhani ni mafuta mazito tu. Sivyo. Grisi ni mafuta ya kawaida yaliyoshikwa ndani ya sabuni, kama maji ndani ya sponji. Sabuni ya kweli, maana grisi nyingi za madukani hutumia sabuni ya lithiamu, itokanayo na mafuta kukutanishwa na haidroksaidi ya lithiamu. Kazi ya kulainisha inafanywa hasa na mafuta yanayojitokeza kwenye sponji hiyo, wakati sabuni inayazuia yasikimbie. Hapo ndipo grisi inapoizidi oili: inakaa ilipowekwa.

Ugumu wa grisi una namba zake, huandikwa kwenye kopo pamoja na herufi NLGI. Namba hiyo hupatikana kwa kuachia koni maalumu izame kwenye grisi ya nyuzi joto 25 kwa sekunde 5, kisha kupima imezama kiasi gani. Namba 2, ambayo ndiyo imejaa madukani, ina ugumu kama siagi ya karanga. Namba 1 ni kama nyanya ya kopo. Namba 0 na 00 zinakaribia kumiminika. Lakini namba hiyo inakueleza ugumu wa sponji tu, haisemi mafuta yaliyomo ndani yana mnato gani. Makopo mawili ya namba 2 yanaweza kuwa tofauti kabisa kwenye baridi, na hapo ndipo watu wanapolaumu rili bure.

Sasa rudi kwenye ramani yetu. Mtu wa Mufindi au Kitulo anavua penye baridi kali, tena trauti, samaki asiyehitaji winchi. Huyo aweke grisi namba 0 au 1 kwenye gia, tena kwa kupaka kwa brashi, si kwa kujaza. Anayeshuka Matema kumtafuta mbasa wa Ziwa Nyasa, au anayekwenda Mtera kwa kambale, yuko kwenye joto na samaki wenye ubishi. Namba 2 inamfaa. Ziwa Nyasa halina chumvi, kwa hiyo grisi za gharama za kuzuia kutu ya bahari tuwaachie ndugu zetu wa Tanga. Adui wa Matema ni mchanga. Ukinasa kwenye grisi unasaga meno ya gia kama msasa.

Kuna sehemu mbili zisizofuata mazungumzo haya. Ya kwanza ni beringi ya vijiti inayozuia mkono usirudi nyuma. Hiyo hufanya kazi kwa kushika, sasa ukiipaka grisi itateleza na mkono utarudi kinyumenyume samaki akiwa kwenye ndoano. Ifute, uipe mafuta mepesi kidogo sana. Ya pili ni breki, zile washa (visahani vyembamba vilivyopangwa pamoja) zinazoachia mshipi samaki akivuta. Za kaboni nyingi hutaka utando mwembamba wa grisi maalumu ya breki, na nyingine zimeundwa kufanya kazi kavu. Oili ya kawaida humo ni kuharibu.

Mafuta ya alizeti ya jikoni usiyafikirie hata ukiishiwa. Yakikaa na hewa hugeuka gundi. Tazama ukingo wa kikaango cha siku nyingi. Na lile kopo la kupuliza la WD-40, ambalo herufi zake zinatokana na maneno ya Kiingereza ya kufukuza maji, linafaa kulegeza kilichokwama na kutoa unyevu. Sehemu kubwa yake ni kiyeyushi kinachopotea hewani, na kikipita kwenye grisi kinaiosha.

Kabla ya kubadili grisi, toa ya zamani yote. Grisi za sabuni tofauti zikichanganyika zinaweza kulegea na kuvuja. Mimi huosha gia kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, nikafuta na kuacha zikauke. Washa za breki naziweka mbali na bakuli hilo. Halafu naangalia kile kigurudumu kidogo ambapo mshipi unapinda kuingia kwenye spuli. Karibu kila rili inayoletwa kwangu, gia zinaogelea kwenye grisi na kigurudumu hicho kimekauka, hakizunguki tena, na mshipi umekichimba mfereji.