Mchicha Hauna Kosa

Kila siku ya kliniki, kabla sijaketi vizuri, kuna mtu atanisogelea na kuuliza kwa sauti ya chini: "Dokta, eti mchicha ndiyo basi tena?" Mimi ni mfamasia, si daktari, lakini kwenye kliniki ya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande ovyo, kila mwenye koti jeupe ni dokta. Nimeshaacha kubishana.

Swali lenyewe halichekeshi. Kuna mama mmoja, ana vali ya chuma (kilango bandia cha kupitishia damu) kwenye moyo, ambaye kwa zaidi ya mwaka INR yake, yaani namba ya kipimo inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ilikuwa inacheza kati ya 2.6 na 3.1. Wagonjwa wa namna yake ndio wanaonifanya nijione najua kazi. Siku moja akaja na 5.6. Hajaanza dawa mpya, hajazidisha vidonge, hana homa wala hajaharisha. Tukazunguka weee, mpaka nikamuuliza jana usiku alikula ugali na nini. Na maharage. Juzi? Maharage. Wiki nzima? "Si niliambiwa na jirani majani ni sumu kwa mtu wa dawa hii, baba. Nimeyaacha yote." Mama huyu alikuwa anakula matembele karibu kila siku ya Mungu, na kisamvu siku ambayo matembele hakuna.

Ini letu hutengeneza protini kadhaa zinazoifanya damu igande, na ili zifanye kazi linahitaji vitamini K. Warfarini huzuia mwili usiirudishe vitamini hiyo kwenye matumizi baada ya kutumika. Mboga za majani nazo huileta mpya kila siku kupitia sahani. Kwa hiyo kuna mvutano: kidonge huku, matembele kule. Sisi tunapotafuta dozi ya mtu tunapima mvutano huo ulivyo, na dozi ya mama huyu ilikuwa imepimwa pamoja na matembele yake. Alipoyaondoa, kidonge kikabaki kinavuta peke yake.

Tulimsimamishia dawa kwa siku mbili, tukampima tena, akarudi kwenye dozi ileile. "Kwa hiyo nirudie mboga zangu?" Rudia mama, kwa kiasi kilekile ulichozoea. Jirani alimaanisha mema, lakini madhara yake kwenye damu ya mama huyu yalikuwa makubwa kuliko ya kisamvu cha mwaka mzima.

Nadhani sehemu ya tatizo ni jina. Mtaani dawa hii inaitwa ya kuyeyusha damu, au ya kufanya damu iwe nyepesi, na mtu akisikia hivyo anaona picha ya uji uliotiwa maji. Damu ya anayetumia warfarini ina uzito uleule. Tofauti ni kwamba inachelewa kuganda. Wala kidonge hakiyeyushi donge lililokwisha kuganda. Kinazuia lisikue na jipya lisitokee, na lile la zamani mwili wenyewe unalila polepole. Ndiyo maana mtu aliyepata donge kwenye mshipa wa mguu anaweza kumeza dawa wiki tatu na mguu bado umevimba, akadhani tumempa dawa feki.

Asili ya dawa yenyewe inanifurahisha kila nikiisimulia. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walianza kufa kwa kutoka damu. Mfugaji anamkata ng'ombe pembe, damu haikatiki. Walikuwa wamekula majani ya malisho yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja aliendesha gari kwenye theluji hadi Chuo Kikuu cha Wisconsin, amebeba ndama aliyekufa na kopo la damu isiyoganda, akaishia kwenye maabara ya Karl Paul Link. Kutoka kwenye yale majani ikapatikana familia nzima ya kemikali, na mmoja wa watoto wake, warfarini, akaingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya. Jina lake limetokana na herufi za taasisi ya utafiti ya chuo kile. Mwaka 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipopata shambulio la moyo, akapewa. Kwa hiyo ndiyo, anayekuambia unakula sumu ya panya hajadanganya. Dozi ndiyo inayotofautisha, na dozi yako ina mtu anayeipima.

Kupima ndiko kunakowachosha watu. INR ya mtu asiyetumia dawa huwa karibu na 1. Wagonjwa wetu wengi tunataka wakae kati ya 2 na 3, na wenye vali ya chuma upande wa kushoto wa moyo, ile inayoitwa mitrali, juu kidogo, kati ya 2.5 na 3.5. Chini ya hapo donge linaweza kuganda kwenye vali, au likasafiri mpaka kwenye ubongo likawa kiharusi. Juu sana, unatoka damu. Wagonjwa wanaisoma namba hii kama matokeo ya mtihani: akipata 1.8 anainamisha kichwa kama amefeli. Mimi sikusahihishi, nauliza kimebadilika nini.

Na usiibadilishe dozi mwenyewe. Protini za kugandisha zilizokwisha tengenezwa zinabaki kwenye damu, moja yake kwa siku mbili hadi tatu kabla hata nusu yake haijaisha. Kidonge cha leo matokeo yake utayaona keshokutwa. Mzee mmoja aliona 1.7, akaongeza kidonge jioni ile, kesho yake akaongeza tena kwa kuwa hakuona "nguvu", na siku ya tano fizi zikaanza kuvuja. Ukisahau dozi na siku bado haijaisha, meza. Ukikumbuka asubuhi yake, iache iliyopita, endelea na ya leo kwa wakati wake. Usimeze mbili kufidia.

Kwa nini basi tusiwape wote zile dawa mpya zisizohitaji INR, rivaroksabani na wenzake? Nao wagonjwa huniuliza, hasa mwenye ndugu Ulaya. Kwa mwenye donge la mguuni, au mzee ambaye moyo unapiga bila mpangilio lakini vali zake ziko sawa, ni dawa nzuri, akiimudu bei. Lakini viti vya kliniki yetu havijajaa wazee. Vimejaa wasichana na kina mama vijana ambao vali zao ziliharibika kutokana na maambukizi ya koo ya utotoni, yale mafindofindo ambayo hakuna aliyeyajali. Dawa mojawapo mpya ilijaribiwa kwa wenye vali za chuma, na mwaka 2012 jaribio likasimamishwa kwa kuwa waliopewa walipata madonge zaidi na walitoka damu zaidi. Mwaka 2022 utafiti mkubwa wa INVICTUS, uliofanyika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, uliangalia wagonjwa wa vali zilizoharibiwa hivyo na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Waliobaki na dawa za familia ya warfarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani. Kwa wagonjwa wangu wengi, dawa ya zamani ndiyo bora, na silisemi hilo kwa kuwafariji.

Sasa duka la dawa. Tumbo likisokota, unaingia duka la kona, unatoka na Flagyl. Kwa anayetumia warfarini, Flagyl inaweza kupandisha INR ndani ya siku chache mpaka mahali pa hatari. Septrini hivyohivyo, na dawa ya fangasi ya flukonazoli. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zina ubaya mwingine: zinachubua tumbo na kuzuia chembe za damu kushikana, kwa hiyo unaweza kutapika damu huku INR ikiwa 2.5 safi kabisa. Maumivu ya kichwa, meza Panadol, ila ukifika siku ya nne unaimeza kwa dozi kamili, nijulishe. Dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini inavuta upande wa pili, na kwa nguvu; tumewahi kulazimika kuongeza warfarini zaidi ya mara mbili. Hatari yake kubwa inakuja mgonjwa akimaliza dozi ya kifua kikuu. Anashangilia, anasahau kutuambia, rifampisini inatoka mwilini taratibu, naye bado anameza ile warfarini kubwa.

Unga wa mlonge pia nausikia sana. Hayo ni majani yaliyokaushwa. Kijiko kimoja ni majani mengi. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye mchuzi au chai havina shida, vikiwa kwenye vidonge vya "kusafisha damu" ni habari nyingine.

Sindano za kwenye msuli ukiwa na homa au mgongo, kataa, sema unatumia warfarini. Isipokuwa moja: ile penisilini ya kila wiki nne kwa wenye ugonjwa wa vali. Hiyo wengi wameiacha wakidhani wanafuata ushauri huu. Usiiache. INR ikiwa ndani ya mipaka inachomwa, kisha unapagandamiza kwa dakika kadhaa bila kupasugua. Jino nalo halihitaji uache dawa wiki nzima. Njoo tupime, tumwandikie daktari wa meno.

Kuna jambo ambalo kina dada hawaniulizi mbele ya watu. Wanasubiri foleni iishe. Ameolewa miaka miwili, ana vali ya chuma, mama mkwe ameanza kuuliza. Mimba inawezekana kwa baadhi, ila daktari wa moyo aseme kwanza kuhusu moyo wenyewe. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto, hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kipindi ambacho wengine hata hawajajua kama wana mimba. Lakini kuiacha ghafla kunaweza kuifanya vali igande, na hapo tunapoteza wawili. Wengine huhamishiwa kwenye sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa muda, wengine wenye dozi ndogo huamua na daktari kuendelea. Hakuna njia isiyo na hatari, na anayesema ipo hajakaa na hawa dada. Ninachowaomba ni waje kabla, au siku ileile hedhi inapochelewa, bila kuacha dawa njiani. Mtoto akishazaliwa, kunyonyesha ukiwa na warfarini hakuna tatizo.

Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, hedhi isiyokatika, kichwa kinachouma ghafla kuliko kawaida: hayo hayasubiri siku ya kliniki. Na ukianguka na bodaboda ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama umeinuka ukajikung'uta vumbi na unajiona mzima.

Muda wa kumeza, sisi tunawapangia saa mbili usiku. INR ikitoka mchana bado kuna nafasi ya kukupigia kabla hujameza, na Ramadhani ikiingia hakuna cha kubadilisha, maana futari imeshapita. Ukiniambia dozi yako, niambie miligramu. "Natumia viwili" hakunisaidii kitu, kwa sababu viko vya 1, vya 3 na vya 5, na shemeji akikuletea kopo kutoka Nairobi, usidhani ni vilevile.

Mwezi wetu mbaya ni Januari. Desemba watu wanapanda mabasi kwenda Moshi, Bukoba, Njombe. Kule kuna nyama, kuna mbege, mboga ni nyingine, kipimo cha INR hakipo karibu, na vidonge vilihesabiwa vya wiki mbili. Wanarudi na 1.2, wanarudi na 6. Siku hizi nawaandikia kwenye kadi, kwa kalamu nyekundu, tarehe ya kupima kabla ya safari na ya kupima baada. Baadhi hufika. Wengine hunipigia kutoka stendi, injini ya basi inasikika inanguruma, wakiuliza kama vidonge kumi vitawatosha.